Fukusi Wanne wa Hollis

Marrow Gap, Carolina Kaskazini
9 Februari 1948

Mpwa wangu Verna,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo na mtoto. Huku tumeamka salama, isipokuwa mama yako, ambaye nyonga inamsumbua tangu Krismasi na ambaye hataki fimbo, kwa madai kwamba fimbo ni ya wazee. Ana miaka sitini na sita. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Garland Messer, ambaye nilimfundisha Kilatini zamani na akashindwa mtihani mara tatu, ameniletea kuni na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Nilimkaribisha kahawa, akakataa, akaondoka.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumatatu nilituma kwa reli sanduku la wadudu wa Hollis. Ni fukusi mia mbili na kumi na wanne, aliowakusanya katika milima yetu kabla ya kuingia jeshini. Mwezi wa tano itatimia miaka minne tangu auawe Italia, na muda wote huo sanduku lilikuwa chini ya kitanda chake. Mimi nina miaka sabini na moja. Moyo wangu hauendi sawasawa, na daktari amenikataza kupanda milima.

Wewe umeajiriwa kupanga wadudu katika jumba la makumbusho, kwa hiyo unaijua kazi hii kuliko mimi. Hollis aliwahi kutamka mezani kwamba miongoni mwa fukusi wake yumo mmoja ambaye mwanadamu hajampa jina. Wakati ule nilimwambia ale chakula chake. Sasa nataka kujua kama alisema kweli. Ikiwa ni kweli, nataka mdudu huyo apewe jina la mwanangu. Hollis hakuacha mtoto, na kaburi lake lipo mahali ambapo sitafika.

Utaona kwamba lebo zote ni safi na zimeandikwa kikamilifu.

Mjomba wako,
Thaddeus Penland


Columbus, Ohio
3 Machi 1948

Shikamoo, Mjomba.

Sanduku limefika, na ni pini moja tu iliyolegea njiani. Nyumbani kwetu kulikuwa na surua. Rosalie aliugua siku kumi, akawa mwekundu kama nyanya, na Emil alibadilisha zamu kiwandani ili mmoja wetu awepo kila wakati. Sasa mtoto anakula na kugombana, kwa hiyo amepona. Mwambie mama anunue fimbo, na kama hataki aambiwe ni ya kufukuzia mbwa.

Nililifungua sanduku nikakaa nalo nusu saa bila kugusa kitu. Unajua jinsi wadogo kama hawa wanavyowekwa: unakata pembetatu nyembamba ya karatasi, unamgandisha fukusi kwenye ncha yake kwa tone la gundi, kisha unaichoma pini kwenye karatasi. Hollis alizidisha gundi siku zote. Tulipokuwa watoto alinigandishia hata nywele. Nilipoona gundi ile imewafika fukusi mpaka magotini, Mjomba, ilinibidi nitoke nje kidogo.

Sasa sikiliza. Katika mstari wa tatu wapo wanne wa namna moja. Kila mmoja ana urefu wa milimita mbili na nusu, rangi nyekundu ya gome la msonobari mkavu. Magamba ya mgongoni yameungana yakawa moja, na chini yake hakuna mbawa kabisa, maana yake ni mdudu asiyeweza kuondoka alikozaliwa. Macho ni madogo mno, pua imekunjika kuelekea kifuani, na mwili mzima una vinywele vifupi vilivyosimama. Nimewalinganisha na kila droo tuliyo nayo kwa majuma mawili. Kisha nikaomba ruhusa nikampasua dume mmoja, kwa kuwa kwa fukusi wa majani makavu, nje hufanana na tofauti huwa ndani. Hakufanana na yeyote.

Nikamwita mkuu wangu, Daktari Ostrander, ambaye kwa kawaida husifu kitu mara moja kwa mwaka. Aliinama kwenye hadubini, akavua miwani, akaipangusa, akainama tena.

"Penland huyu ni nani?" akauliza.

"Ni binamu yangu. Alikufa vitani."

Akavaa miwani yake, akasema, "Mwandikie baba yake kwamba kijana hakukosea."

Basi nakuandikia, Mjomba: hakukosea.

Limebaki jambo moja. Lebo zote zina mwandiko wako. Za Hollis mwenyewe ziko wapi? Na daftari lake la safari? Kwetu sisi lebo ya kwanza haiondolewi kamwe, hata kama imeandikwa na mlevi gizani. Anayetaka kuongeza maelezo huchoma karatasi nyingine chini yake. Nitumie za zamani, hata zikiwa zimechanika.

Mpwa wako,
Verna Kovach


Marrow Gap
20 Aprili 1948

Mpwa wangu Verna,

Barua yako ilifika mapema, na nimechelewa kuijibu. Tulipata baridi kali tarehe kumi na moja, na maua ya mitufaha yamekufa yote upande wa chini. Mama yako amekubali fimbo. Sasa anaitumia kunielekezea mambo. Nilimsomea maneno ya mkuu wako, akalia, kisha akanigeukia.

"Kaka, umesikia? Hakukosea. Litamke na wewe, nilisikie kwa kinywa chako."

"Nimekwisha kulisoma kwa sauti."

"Umesoma ya mwenzio. Nimesema ulitamke wewe."

Nilikwenda kutazama jiko.

Nimefurahi kupita kiasi cha kueleza. Naomba uniarifu ni lini maelezo ya mdudu huyo yatachapishwa, na kama jina litaandikwa pamoja na la ukoo au la kwanza tu. Daftari aliondoka nalo kwenda jeshini, wala halikurudi. Kuhusu lebo, hizo ulizo nazo zinajitosheleza.

Mjomba wako,
Thaddeus Penland


Columbus, Ohio
11 Mei 1948

Shikamoo, Mjomba.

Najua huu ni mwezi gani. Jumapili Emil alikwenda kanisani kwake akawasha mshumaa kwa ajili ya Hollis, na Rosalie akataka kuwasha wa pili kwa ajili ya fukusi. Nilimwacha awashe. Poleni sana, wewe na mama.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nitasema moja kwa moja, kama ulivyotufundisha.

Lebo za wale wanne zinasema hivi: Mlima Balsam, futi elfu tano na mia sita, chini ya majani makavu ya mlaureli, 15 Juni 1940. Mjomba, tarehe 15 Juni 1940 ilikuwa Jumamosi. Saa tano asubuhi siku hiyo nilikuwa nafunga ndoa na Emil hapa Columbus. Wewe hukuja kwa sababu Emil ni Mkatoliki, na mama hakuja kwa sababu ulimkataza. Hollis alikuja kwa treni, akasimama upande wangu, peke yake katika ukoo wetu wote. Alikaa nasi siku nane na kula kila kilichokuwa ndani ya nyumba. Hakukusanya mdudu hata mmoja, isipokuwa mende wa jikoni kwa mama mkwe wangu, ambaye hakufurahi.

Kwa hiyo lebo ile si kweli. Ilinipasa kumweleza Daktari Ostrander. Alizitazama lebo zako kwa muda mrefu, akasema, "Mwandiko mzuri sana, Bi Kovach. Lakini fukusi asiye na mahali ni takataka yenye miguu sita." Hataruhusu maelezo yachapishwe. Anayesoma maelezo yetu lazima aweze kwenda palepale na kumpata mdudu yuleyule, na huyu hana mbawa: pengine anaishi katika korongo moja tu duniani.

Tafadhali nieleze. Sitakasirika.

Verna


Marrow Gap
2 Julai 1948

Mpwa wangu Verna,

Huku ni wazima. Mvua ni ya kutosha, na mahindi yamefika kiunoni.

Umeomba nieleze. Telegramu ya jeshi ilinifikia Juni 1944. Majira ya baridi yaliyofuata nililitoa sanduku chini ya kitanda. Lebo za Hollis ziliandikwa kwa penseli, herufi zikiwa zimeegemeana, maneno yamekatwa katikati, bila nukta, mengine yakiwa herufi moja tu. Nilifundisha watoto wa mji huu miaka arobaini na moja, na mwanangu mwenyewe aliandika hivyo. Niliona kwamba mtu yeyote atakayelifungua sanduku atamdharau. Nikanunua karatasi nzuri na wino usiofifia. Niliandika lebo mia mbili na kumi na nne, kwa sentensi kamili. Kazi hiyo ilichukua majira yote ya baridi, na nakiri kwamba nilikuwa na amani nilipokuwa nikiifanya. Mahali niliposhindwa kuelewa alichoandika, nilijaza kile nilichokijua. Zile za zamani nilizitia katika moto wa jiko zikaungua.

Lebo za wale wanne sikuzielewa. Nilijaza Mlima Balsam, maana huko ndiko nilikompeleka alipokuwa na miaka kumi, na ndiko alikookota fukusi wake wa kwanza nikiwa nimemshikia chupa. Tarehe sikuibuni. Juni 1940 aliniaga akasema anakwenda Mlima Balsam kutafuta wadudu, naye atakaa huko siku nane. Nilimfungia mikate ya mahindi. Nilikuwa na hakika ya tarehe ile kuliko nyingine zote.

Sasa nimejua alikokwenda na mikate yangu.

Huenda utauliza kama alipata kumtaja mdudu huyo katika barua zake za kambini. Sina barua zake. Aliniandikia tatu. Kila moja niliisahihisha kwa wino mwekundu nikamrudishia kwa posta, kama nilivyowafanyia wanafunzi wangu wote walioondoka. Baada ya ya tatu hakuandika tena.

Nieleze, kwa haki, kama ipo njia yoyote. Kama haipo, sema haipo.

T. Penland


Columbus, Ohio
25 Julai 1948

Mjomba wangu mpendwa,

Nakusalimu, na Emil anakusalimu. Anasema ile mikate ya mahindi ilifika ikiwa migumu kama matofali, na kwamba waliimaliza wote wawili wakiwa wamekaa kwenye ngazi. Nilidhani ungependa kujua.

Njia ipo. Ilinipasa kukwambia mapema. Ninayo barua ya Hollis ya Novemba 1942, aliyoniandikia kutoka kambini. Nakunakilia sehemu inayohusu:

"Wale wanne wekundu, wenye vinywele, sijaona mfano wao katika kitabu chochote. Niliwapata Machi, kabla ya kuondoka, katika korongo la Wolfpen, nyuma ya kibanda cha Garland Messer, kwenye majani ya mlaureli yaliyolowa, pale maji yanapotoka chini ya mwamba. Nikirudi nitatafuta wengine. Nisiporudi, watazame wewe."

Sehemu iliyobaki ni mambo ya kijana tu. Haihusu fukusi.

Verna


Marrow Gap
6 Agosti 1948

Verna,

Wote wazima.

Wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba ya kwanza haiondolewi, hata kama imeandikwa na mlevi gizani. Ulichonitumia ni maneno ya Hollis kwa mwandiko wako, baada ya kuchagua yapi niyaone. Hicho ndicho nilichokifanya mimi majira yale ya baridi, nami nilikifanya kwa mapenzi vilevile.

Nitumie barua yenyewe.

T. Penland


Columbus, Ohio
19 Agosti 1948

Mjomba,

Hii hapa, ndani ya bahasha ya pili. Nimeificha miaka sita. Nisingeweza kuitupa wala kukuonyesha.

Ukiisoma, kumbuka kwamba alikuwa na miaka ishirini na miwili, kwamba siku ileile alikuwa amerudishiwa barua yake ya tatu kutoka kwako, na kwamba kwenye kambi ile hawakuwapa chakula cha kutosha. Mtu mwenye njaa huandika vibaya kuliko anavyofikiri.

Tafadhali usiisome ukiwa peke yako. Mwite mama.

Verna


Columbus, Ohio
14 Oktoba 1948

Shikamoo, Mjomba.

Majuma manane sasa hujajibu. Mama ananiandikia kwamba u hai, kwamba husemi na mtu, na kwamba mchana huonekani nyumbani. Anasema alikuuliza unakokwenda ukamjibu, "Shuleni." Amenitaka nikuulize mimi.

Nina habari. Nimemwonyesha Daktari Ostrander nakala ya maneno ya Hollis. Amesema barua peke yake haitoshi, lakini mtu akienda Wolfpen akampata japo fukusi mmoja wa namna ileile, mahali palepale, mlango utafunguka. Ataruhusu kuchapisha, na jina litakuwa la Hollis. Ila yupo mmoja ambaye jina lote hufungwa kwake, kielelezo kikuu, na Ostrander anataka awe huyo mpya mwenye lebo ya kuaminika. Wale wanne wa Hollis watafuata nyuma yake. Nilimbishia mpaka akanitoa ofisini. Najua si ulichokiomba.

Kuhusu lebo za kwanza, nitaandika tu kwamba zilipotea. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Wala usithubutu kupanda Wolfpen wewe. Nitakuja Aprili, barabara zikikauka, nitatafuta mwenyewe. Nijibu, hata kwa neno moja.

Verna


Marrow Gap
7 Novemba 1948

Mpwa wangu mpendwa Verna,

Salamu nyingi kwako, kwa Emil na kwa Rosalie. Mama yako ni mzima na ana hasira. Naomba radhi kwa kimya changu, kwako na kwa Emil pia, kwa hiki na kwa kile cha miaka minane iliyopita. Mwambie hivyo kwa maneno yangu, na mlete mtoto Aprili.

Niliisoma barua peke yangu. Nisingeweza kuisoma mbele ya mtu. Nanakili sentensi mbili, ili usidhani kwamba niliziruka: "Nikifia huko tuendako, mzee atausahihisha hata msalaba wangu. Wolfpen ndipo mahali pekee ninapoweza kusema sentensi mpaka mwisho." Barua yenyewe naibakiza kwangu, ukiniruhusu.

Zilipita siku ishirini kabla sijaweza kwenda kwa Garland Messer. Nilipanda polepole, nikipumzika kila hatua arobaini. Alikuwa mlangoni akichonga mpini wa shoka.

"Mwalimu, umepotea?"

"Natafuta mahali Hollis alipokuwa akichekecha majani."

Alitema tumbaku pembeni. "Miaka minne. Nilidhani utakufa kwanza."

"Ulijua kwamba anakuja huku?"

"Nilijua? Kitanda chake kile pale. Ijumaa mpaka Jumapili, miaka mitatu. Anamaliza maharage yangu, kisha ananiita Profesa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwalimu," akasema, "uliwahi kuniuliza kitu ambacho hukuwa na jibu lake tayari?"

Akaingia ndani akatoka na chekeche la Hollis, fremu ya mbao yenye wavu wa shaba, na shuka jeupe kuukuu. Alikuwa amevitunza.

Tulifanya kazi siku kumi na tisa, zile nilizoweza kupanda. Unachota majani yaliyolowa kwa mikono miwili, unayatikisa juu ya wavu, unga wa majani unadondoka kwenye shuka, kisha unapiga magoti na kutazama. Macho yangu hayafai tena kwa kazi hiyo, na magoti ndiyo kabisa. Garland hakunihurumia.

"Inama, Mwalimu. Fukusi hawatapanda juu kukuamkia."

"Huyu je?"

"Hiyo mbegu."

"Na huyu?"

"Hayo mavi ya panya, Mwalimu. Sifuri. Rudia mwaka."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Wakati wa chakula alinisimulia mambo ya Hollis, nami nilisikiliza. Sikujua kwamba mwanangu alikuwa akiimba.

Sasa kuhusu maelezo utakayochapisha. Mpya tumempata, naye yumo katika chupa ndogo niliyoifunga kwa pamba ndani ya kisanduku hiki. Pamoja naye ipo lebo niliyoiandika palepale kwa penseli, juu ya goti, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Inasema Wolfpen, inataja chemchemi chini ya mwamba, 30 Oktoba 1948, G. Messer na T. Penland. Haisomeki vizuri. Nimeiacha ilivyo.

Awe kielelezo kikuu, kama Daktari Ostrander anavyotaka. Anayo haki. Mimi ndiye niliyewaondolea wale wanne ushahidi wao, si yeye.

Lakini usiandike kwamba lebo za kwanza zilipotea. Hazikupotea. Andika kwamba zilichomwa moto na baba wa aliyewakusanya. Yeyote atakayesoma jina la Hollis asome na hilo. Ukilitoa kwa kunionea huruma nitajua, maana nitayasoma.

Umenitaka nijibu. Nitakueleza jinsi alivyopatikana, kisha nipumzike.

Ilikuwa karibu saa nane mchana, na jua lilikuwa limefika chini ya mwamba. Garland alitikisa chekeche, nami nikainama. Kikadondoka kitu kwenye shuka, chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikigusa kwa ncha ya jani. Kilikuwa kimekunja miguu yote chini ya tumbo na pua kifuani, hakina dalili ya uhai. Nikamwambia Garland kwamba ni yeye, ila amekwisha kufa, pengine tumemponda kwa chekeche.

"Hajafa," akasema. "Hawa wana ujanja huo. Ukiwashtua hujifanya maiti. Hollis alikuwa akikaa kumngoja mmoja hata robo saa."

Basi tulikaa. Nilitoa saa yangu nikaiweka kwenye shuka. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika tisa, hakuna. Nilikwisha kusema moyoni kwamba Garland amekosea, nilipoona mguu mmoja wa nyuma ukinyooka. Kisha mwingine. Kisha akaitoa pua, akavitikisa vile vipapasio vyake viwili, akasimama akaanza kwenda zake.

Nilimwacha atembee mpaka ukingo wa shuka. Kisha nikamchukua kwa kibano nikamtia katika spiriti ya kuulia na kuhifadhia, kwa sababu bila yeye jina la mwanangu halina mahali pa kukaa. Alikunja miguu na pua vilevile kama mwanzo.

Nilimngoja robo saa nyingine, ingawa nilijua.

Mjomba wako,
Thaddeus